Siku Ngapi Bila Waya?

Kila likizungumzwa suala la umeme wa jua na upepo hapa Zanzibar, iwe barazani, ofisini au redioni, jibu huwa moja, na hutolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala: waya unatosha. Tuna waya chini ya bahari kutoka Bara. Ukichakaa tutalaza mwingine mnene zaidi. Na sasa Bwawa la Nyerere limekamilika kule Rufiji, megawati 2,115, umeme wa maji, safi na mwingi. Sola ni ya vijiji ambavyo nguzo hazijafika, na vinu vya upepo ni vya nchi zenye fedha za kujaribia mambo. Kisiwa kama hiki, huongeza msemaji, kikizima kila injini yake leo, hewa ya dunia haitajua.

Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo wahandisi. Naipinga, wala siipingi kwa ajili ya hewa ya dunia. Naipinga kwa ajili ya ndoo.

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Nyumbani kwetu Ng'ambo tuliodhani kwamba tatizo ni taa tulijua mapema kuwa tumekosea. Taa ina badala yake: kuna kibatari, kuna mshumaa, kuna karabai kwa mwenye nayo. Maji hayana kibatari. Maji ya mji huu hupandishwa na pampu kutoka visimani, na pampu hula umeme. Ikasimama pampu, ukakauka mfereji, na wanawake na watoto wakaanza kuamka kabla ya alfajiri kupanga foleni ya madumu kwenye kisima chochote chenye kamba. Friza za samaki ziliyeyuka. Barafu ikawa bidhaa ya kutafutwa kama dawa. Mwenye uwezo alinunua kijenereta akakifunga mlangoni, na mtaa mzima ukalala kwa kelele na moshi wake. Mwenye cherehani ya umeme, mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga, hao walikaa kibarazani wakingoja habari.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mei 2008 hitilafu katika njia hiyo hiyo ya waya ilituweka gizani karibu mwezi mzima. Giza hilo la 2008 limeacha alama ambayo wengi wetu hatuijui. Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alipitia kumbukumbu za uzazi akakuta kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati umeme umekatika walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Sababu aliyoiona ni kipato: kazi zinazotegemea umeme zilisimama, na mama mja mzito akapungukiwa. Basi anayesema waya unatosha akumbuke kwamba wapo vijana Unguja leo, wa umri wa kumaliza skuli, ambao waya ule uliwapunja kabla hawajazaliwa.

Waya wenyewe ulikuwa wa mwaka 1980, wa megawati 45, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba. Ulifanya kazi kubwa na siutukani. Baada ya misiba ile miwili ukaja wa pili, wa megawati 100, uliogharimiwa na fedha za Marekani na kuanza kazi mwaka 2013. Pemba ilikuwa imepata wake kutoka Tanga mwaka 2010, wa megawati 20, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo iliishi kwa majenereta ya Wesha. Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Wakati Unguja iko gizani kwa miezi mitatu, Pemba ilikuwa bado haijaunganishwa na Bara. Majenereta ya Wesha yalikuwa na shida zake, na mgao wake Wapemba wanaujua. Lakini giza la Unguja halikuifika Pemba. Kisiwa kilichohesabiwa kuwa nyuma ndicho ambacho pampu zake hazikungoja kufufuka kwa waya wa watu wengine.

Sisemi turudi kwenye dizeli. Nasema tulijifunza somo nusu. Tuliona waya umekufa, tukahitimisha kwamba dawa ya waya ni waya. Kipimo chetu cha umeme kikabaki kimoja, megawati ngapi, na kila waziri anayesimama kuzindua kitu hututajia megawati. Kwa kisiwa kipimo hicho hakitoshi. Mtu wa kisiwani lazima aulize pia: tukikatika, tunaweza kusimama siku ngapi? Mwaka 1980 jibu lilikuwa bora kuliko 2009, kwa sababu mitambo ya zamani ya mjini ilikuwa bado inafanya kazi. Tulipoongeza megawati tulipunguza siku, na hakuna aliyetuambia.

Sasa nije kwenye hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa sababu ipo na haifai kukwepwa. Wanasema: umeme wa Rufiji ni wa maji, nao pia ni nishati jadidifu, na kwa bei ya jumla ni nafuu. Ukijaza Unguja paneli za sola utakuwa umebadilisha umeme safi wa bei nafuu kwa umeme safi wa bei ghali. Kama lengo letu lingekuwa usafi wa moshi tu, wangekuwa wameshinda. Lakini tuulize Rufiji yenyewe. Bwawa ni mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, yote ikinywa mto mmoja, na mto unanywa mvua. Nchi hii imewahi kukaa kwenye mgao wa umeme kwa sababu ya ukame mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2022. Bwawa kubwa halijafuta ukame. Limekusanya mayai mengi zaidi ndani ya tenga moja. Mvua za Rufiji zikikosekana, mwenye kubanwa mwanzo ni nani, Dar es Salaam yenye viwanda au Unguja iliyo mwisho wa mstari?

Kuna na suala la hati ya malipo. Machi 2017 Rais John Magufuli aliiagiza TANESCO, shirika la umeme la Bara, iwakatie umeme wadaiwa wote sugu, na Zanzibar ilikuwamo katika orodha kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki. Hesabu zile zilikuwa na historia ndefu na kila upande ulikuwa na karatasi zake. Ninachosema ni kwamba kwa siku kadhaa watu zaidi ya milioni moja walisikia kwamba maji yao ya kunywa yanategemea mazungumzo ya deni. Nyumba ya namna hiyo haina umeme. Imeuazima.

Tena, jua la Unguja na maji ya Rufiji hayagombani. Kila uniti inayozalishwa mchana juu ya mapaa yetu ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya usiku. Waya ni barabara, na barabara ina pande mbili. Waliolielewa hili mapema ni watu wa Samsø, kisiwa cha wakulima nchini Denmark chenye watu wasiofika 4,000. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachojiendesha kwa nishati jadidifu. Kufikia 2000 walikuwa wamesimamisha vinu 11 vya upepo nchi kavu, na mwaka 2003 vingine 10 baharini. Hawakuukata waya wao wa kwenda bara. Upepo ukizidi wanauza, ukitulia wananunua. Na vinu vile ni vya wenyewe: vingine vya wakulima, vingine vya halmashauri, vingine vya watu wa kawaida waliochangia hisa ndogo ndogo. Mkulima anayesikia kinu kikivuma usiku halalamiki kelele, maana anasikia hisa yake inafanya kazi.

Nikifika hapa huambiwa: hao ni Wazungu, tena wachache. Haya, tuchukue Kauai, kisiwa cha Hawaii. Eneo lake ni karibu sawa na la Unguja. Watu wake ni wachache zaidi kwa mbali, kama 73,000, na fedha yao si yetu; hilo nalikubali. Lakini Kauai haina waya wa baharini hata mmoja. Mwaka 2002 wananchi walilinunua shirika la umeme la kisiwa wakalifanya ushirika, mteja akawa ndiye mwenye mali. Wakati ule walikuwa wakichoma mafuta yaliyoletwa kwa meli. Mwaka 2019 walifungua shamba la sola la megawati 28 lenye betri za kuhifadhi uniti 100,000, na leo zaidi ya nusu ya umeme wao unatokana na jua, maji na mabaki ya miti. Kuna michana ambayo kisiwa kizima huenda bila tone la mafuta. Mhandisi anayeniambia kwamba gridi ya kisiwa haiwezi kubeba jua kwa wingi anazungumza habari za miaka ishirini iliyopita.

Ila sitawauzia ndoto. Kwa hili nina ugomvi na upande wangu pia, na wale wanaotembea na picha za visiwa vinavyoishi kwa upepo mtupu. El Hierro, katika visiwa vya Canary, ilizindua mwaka 2014 mtambo wa ajabu: vinu vitano vya upepo vinavyopandisha maji hadi kwenye bwawa lililo ndani ya kreta ya volkano ya zamani, ili upepo ukilala maji yateremke na kuzungusha mitambo. Mwaka 2019 kisiwa kilikwenda zaidi ya wiki tatu mfululizo bila dizeli. Ni jambo la kujivunia. Lakini ukihesabu mwaka mzima, upepo na maji hutoa kama nusu ya umeme wao, na mitambo ya dizeli bado ipo pale pale ikisubiri. Aliyewaambia watu kwamba itakuwa asilimia mia moja kila siku aliwakosea, maana sasa nusu hiyo, ambayo ni neema, inatajwa kama kushindwa.

Na hapa kwetu, jua lina siku zake. Masika wingu hukaa wiki nzima. Kilele cha matumizi yetu ni baada ya magharibi, watu wamerudi nyumbani, feni na friji na televisheni zote zinadai, na jua limekwisha kuzama. Mwezi wa Ramadhani mji hauzimi hadi daku. Anayepanga umeme wa Zanzibar bila kuijua Ramadhani anapanga umeme wa mahali pengine. Ndiyo maana betri zinahitajika, na ndiyo maana upepo usisahauliwe. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Manahodha walifunga safari zao kwa kalenda hiyo kwa karne nyingi. Kati ya misimu, wakati wa maleleji, bahari hutulia, na hapo ndipo waya wa Bara unapokuwa na thamani yake ya kweli, kama msaada wa miezi migumu.

Lipo jambo la kiufundi ambalo halisemwi, na bila kulisema tutapoteza fedha nyingi. Inveta nyingi za sola, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, zimetengenezwa zifuate gridi. Zinasikiliza mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde, na zikiyakosa hujizima papo hapo, kwa usalama wa fundi aliye juu ya nguzo. Maana yake ni nini? Tunaweza kufunika kila paa la Unguja kwa paneli, waya ukakatika saa sita mchana jua likiwa utosini, na kisiwa chote kikawa giza pamoja na paneli zake. Sola ya namna hiyo hupunguza hati ya umeme tu. Siku haiongezi hata moja. Ili kisiwa kisimame, lazima ziwepo inveta zenye kuanzisha mapigo zenyewe, betri za kuzishika, na swichi ya kukitenga kituo na gridi iliyokufa. Serikali ina mpango wa sola ya megawati 18 yenye betri pale Bambi, chini ya mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021. Ni hatua njema. Swali langu kwa wanaousimamia ni lile lile: waya ukikatika, Bambi itaendesha nini, na kwa siku ngapi?

Watu wa Puerto Rico walijibiwa swali hilo na kimbunga. Maria ilipowapiga tarehe 20 Septemba 2017 gridi yao ilianguka kisiwa kizima, na wapo waliokaa karibu mwaka bila umeme. Katika mji wa milimani wa Adjuntas, jumuiya ya Casa Pueblo ilikuwa na sola yake tangu 1999. Nyumba yao ilibaki na mwanga, na watu wenye mashine za kupumulia walikimbilia pale. Kwetu vimbunga ni nadra, lakini Mei 2024 Hidaya ilikuja hadi pwani ya Mafia. Iliishiwa nguvu. Si lazima ijayo iishiwe.

Kuhusu ardhi, wanaotahadharisha wana haki, tena kuliko wanavyojua. Unguja ni finyu na watu wanaongezeka. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9. Mpangaji akitazama ramani huona uwanda wa mashariki, ardhi ya mawe isiyoota karafuu, akasema hapa hapana mtu. Wapo watu. Kuna wanaokata kuni pale, wanaolima kidogo kidogo kwenye vishimo vya udongo, wanaofuga. Jirani zetu wa Lamu wametuonyesha mwisho wa mradi mkubwa unaoletwa bila kuulizana: mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ulivuliwa kibali na mahakama ya mazingira Juni 2019, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ulikuwa wa makaa, lakini paneli zikiletwa kwa ubabe ule ule zitapata hukumu ile ile. Kwa hiyo tuanze na mapaa: skuli, masoko, maghala ya bandari, hospitali, na zaidi ya yote mahoteli. Hoteli za pwani zimejaza viyoyozi vinavyofanya kazi mchana, jua linapochoma zaidi. Hakuna mzigo unaofaa kwa sola kuliko huo. Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji, kinapokea wageni na kuendeshwa kwa jua kwa miaka mingi sasa. Hoteli ya vyumba mia mbili ina kisingizio gani?

Na ile dharau kwamba sola ni umeme wa maskini, ningependa wanaoisema wafike Kinyasini. Hapo wanawake wa vijijini, wengine hawakusoma zaidi ya madarasa machache, wamefundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, wakarudi makwao wakawasha nyumba za jirani zao. Fundi anayeishi kijijini ni usalama ambao waya hauna. Waya wa baharini ukiharibika, meli ya kuutengeneza na wataalamu wake hutoka ng'ambo, na sisi hukaa kuitazama bahari.

Ugumu upo, nao ni kugawana. Katika kisiwa cha Eigg, Scotland, chenye watu kama mia moja, tangu Februari 2008 wanaishi kwa gridi yao ya maji, upepo na jua, na kila nyumba imewekewa kikomo cha kilowati 5 kwa wakati mmoja, tajiri na maskini. Upepo ukipungua wanaarifiana, mwenye kufua anangoja. Zanzibar haiwezi kuendeshwa kama Eigg. Lakini siku waya utakapokatika lazima tuwe tumekwisha kukubaliana nani anatangulia. Mwaka 2009 aliyetangulia ni mwenye fedha ya dizeli. Safari hii itangulie pampu ya maji, wodi ya wazazi, chanjo kwenye majokofu ya vituo vya afya, kisha barafu ya wavuvi. Mizigo hii ni midogo ukiilinganisha na kisiwa kizima. Paneli zimeshuka bei mno katika miaka kumi na tano iliyopita, betri nazo zinafuata. Kuikinga mizigo hiyo minne kwa jua na betri ni kazi ndogo kuliko kulaza waya, na haihitaji kungoja meli ya mtu yeyote.

Waya mpya ukija, uje. Lakini usitiwe saini kabla ya kila kisima kikuu cha maji na kila hospitali Unguja na Pemba kuweza kusimama wiki nzima peke yake, na hilo liwe sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, si ahadi ya jukwaani. Nawe msomaji, mwakilishi wako atakapokuja mtaani kukueleza habari za waya huo, mwache amalize, kisha muulize pampu inayokuletea maji itakwenda siku ngapi bila huo waya. Akikujibu kwa megawati, muulize tena.